Turbo ya Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Mama hajambo, na paa la jikoni halivuji tena.

Yule mume uliyemkimbia alikuja gereji kwangu na kile kigari chake, akitaka nikifungie turbo ya kuipa injini nguvu zaidi. Nilitaka kumfukuza, kisha nikaukumbuka mkono wako aliouvunja, nikakubali. Nilifunga kila kitu sawasawa. Nikamwambia mbele ya watu, "Shemeji, usikikimbize kabla kiasi cha mafuta yanayoingia kwenye injini hakijapimwa upya kwa kompyuta. Injini itapasuka."

Akacheka. "Wewe na dada yako mnapenda sana kunifundisha."

Nilijua atasema hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa, nami sikurudia.

Jioni alimpakia mchumba wake mpya, akashindana na gari kubwa mlimani. Injini ikapasuka, moshi ukawafunika. Hawakuumia. Kesho yake mchumba alikuja kuniuliza kwa nini wewe uliondoka. Nilimweleza yote. Amerudi kwao.

Juzi shemeji alikuja kwa miguu, mpole kama maji ya mtungini. "Nitengenezee, tafadhali."

Nikamjibu kwa adabu, "Foleni ni ndefu, shemeji."

Uani hapakuwa na gari hata moja.

Ni mimi mdogo wako, uliyeachiana naye ziwa.