Nimeacha Kuwa Nge

Yaya Albertine,

Nakutangazia weye, na wote mnaokaa upande huo wenu, kwamba kuanzia juma hili mi, Mama Sidoni, mkaaji wa Musonoi na muuza bitumbula, si Nge tena. Nimejitoa. Nyota yangu iko wazi, anayeitaka aikamate. Kama huko kuna ofisi ya mambo hayo, wajulishe.

Usicheke kwanza. Nina habari.

Tangu tension, ile presha yako, ilipokuchukua, nafasi yako kando ya barabara inayoshuka mashimoni haikukaa tupu sana. Niliisogelea polepole: kwanza beseni, halafu mbabula na makaa yake, mwisho mi mwenyewe. Watu walidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni pia, sikatai. Nilipoona duara jeusi pale mbabula yako ilipounguza udongo, nilikaa chini, sikuuza kitu mpaka jua likasimama kichwani. Lakini zaidi ilikuwa wivu. Ulijua. Siku zote ulijua, ndiyo maana kila asubuhi ulininyooshea kitumbula kimoja, ukisema, "Kamata, mudogo wangu," nami nikajibu nimeshiba. Miaka yote ile nilishiba.

Maana sikuelewa. Unga tuliununua kwa mama mmoja. Mafuta yale yale. Vumbi la malori lilituangukia sote bila ubaguzi. Lakini wachimbaji, na torchi zao kichwani, walinipita kama nauza hewa, wakaenda kupanga mstari kwako. Nikaanza kuchunguza. Shule niliiacha mapema, macho sikuyaacha. Nikagundua kwamba siri ni nyota.

Ulimuuliza kila mmoja, "Weye ni wa mwezi gani?" Ukampa nyota yake, na juu ya nyota ukamwongezea jambo kubwa la dunia ulilolisikia kwenye radio. Wa mwezi wa sita ulimwambia huo ni mwezi wa uhuru wetu, leo hakuna bosi wa kumsumbua. Wa mwezi wa pili ulimkumbusha yule mzee wa Afrika Kusini aliyetoka gerezani mwezi huo: "Hata ushuke mbali namna gani, utatoka." Wanacheka, wananyoosha mkono, wanakula.

Na weye ulijitangaza Simba, wa mwezi wa saba, mwezi ambao watu walikwenda kukanyaga mwezi kule juu. Ruhusu niseme. Mama yako kule Kisenge alikumbuka mwezi tu, na baridi yake. Tarehe hakuna aliyeijua. Na mwezi wa saba una nyota mbili, Kaa na Simba. Ulichagua Simba kwa sababu hakuna atakayenunua kitumbula kwa Kaa. Nilikuambia hivyo mbele ya watu. Ukajibu bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta, "Na Nge je, nani atakula kwake?" Walicheka mpaka mmoja akaangusha torchi.

Siku moja sikuwa na mteja hata wa kuuliza bei. Nikajishusha, nikakuomba yangu, mi wa mwezi wa kumi na moja. Ulinitazama kidogo, ukasema: "Mwezi wako ndio ukuta wa Wajerumani ulianguka. Usiegemee mutu."

Nililala na neno hilo. Wenzangu wanapewa uhuru, mi napewa ukuta.

Basi, nilipokaa mahali pako nilikuwa nimezikariri nyota zote. Siku za kwanza walinunua, nadhani kwa heshima yako. Halafu, pamoja na wenzake wa shimo, akaja Freddy, unamkumbuka, yule baba wa mapacha anayeimba kwaya. Nikamuuliza mwezi wake. Wa kumi na moja. Nikafurahi, ni wa kwetu. Nikamwambia kwa sauti yako ile ya radio: "Mwezi wako ndio ukuta mukubwa ulianguka."

Fikiri, Yaya. Wanaume wanakwenda kuingia chini ya udongo, na mi nawatangazia ukuta umeanguka. Mmoja alirudisha kitumbula ndani ya beseni, na alikuwa amekwisha kukiuma. Wengine walivua torchi, wakarudi nyumbani. Shimo lao lilikaa bila mtu siku ile, beseni langu lilikaa limejaa, na wake zao wananipita sokoni bila kunisalimu.

Freddy peke yake alibaki. Akanieleza taratibu kwamba weye ulimwambia mwezi wake ni mwezi wa Watakatifu Wote, na kati ya wote hao hawezi kukosa hata mmoja wa kumwangalia kule chini.

Mwezi mmoja, nyota moja. Yeye ukampa watakatifu wote, mi ukanipa Wajerumani. Nilikuonea wivu ukiwa hai. Sasa namwonea Freddy, kwa watakatifu wako. Nimejaribu kukutetea. Labda ni kwa kuwa yeye alikuwa anashuka, na mi kazi yangu ilikuwa kukaa kando yako tu. Niliambiwa nisiegemee mtu. Niliegemea weye. Na ulianguka.

Ndiyo sababu nimejitoa katika nyota. Nakuahidi ukuta sitautaja tena mbele ya mtu mwenye torchi. Atakayesema ni wa mwezi wa kumi na moja nitampa watakatifu, na mi nitajichukulia mmoja, hata mdogo. Mvua ikianza nitakuja kupalilia kaburi lako. Lala vizuri, Simba wangu. Au Kaa.

Nilisahau jambo. Kabla Freddy hajaondoka nilimuuliza: nyota nazijua zote kama Yaya, mbona mlikuwa mnapanga mstari kwake tu? Alinitazama kwa huruma. Akasema nyota walikuacha useme, kwa kuwa walikuwa wanangoja bitumbula bitoke kwenye mafuta.

Bitumbula byako bilikuwa na ndizi.