Kipande cha Charline Chini ya Mawe

Liège, tarehe 9 Machi 2025

Papa mupenzi,

Nakusalimia wewe na mujukuu wako Charline. Macho yake yanaamkaje? Na goti lako, bado linakusumbua ukipanda kamyo za mizigo? Mimi niko muzima, baridi tu ndiyo inanionea.

Nimesoma ripoti ya hospitali ya Kigali. Walitoa sehemu ya uvimbe kichwani. Iliyobaki imekumbatia mishipa ya macho, na hakuna kisu kitakachoifikia bila kumupofusha. Lakini Papa, kazi yetu hapa labo ya utafiti ni uvimbe huohuo wa watoto. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna mujumbe anayesema "kua", halafu ananyamaza. Kwa Charline, mujumbe huyo amekataa kunyamaza. Dawa za kumuziba mudomo zipo. Nitumie kile kipande cha uvimbe walichokupa hospitalini ndani ya nta, kwenye kiboksi cha plastiki, tuone ameharibika namna gani.

Binti yako,
Kaswera

Goma, Katoyi, tarehe 16 Machi

Kaswera mama,

Tuko. Goti linauma lakini linatembea. Charline anakula vizuri, ila maharage anayachambua kwa vidole, jiwe halioni. Hilo linaniumiza kuliko goti.

Unasema dawa zipo. Basi zitume. Nimeuza maharage tangu hujazaliwa, na sijamuambia muteja anionyeshe kwanza sufuria yake. Mambo ya kipande tuyaache.

Papa yako,
Donat

Liège, tarehe 24 Machi

Papa,

Salamu nyingi, na unikumbatie Charline. Lakini kuyaacha haiwezekani. Mujumbe huyo anaharibika kwa njia mbili: anaweza kubadilika kidogo yeye mwenyewe, au kuunganishwa na mwingine. Dawa inayomuziba wa kwanza inamuongezea sauti wa pili. Nikikosea, uvimbe utakua haraka, na macho yatakwenda kabisa. Siwezi kubahatisha juu ya mutoto wetu. Kipande kiko wapi?

Kaswera wako

Liège, tarehe 20 Aprili

Papa,

Natumaini mu wazima, maana sijui. Leo ni Pasaka, na bado sina neno lako. Nimekasirika, na ninaogopa.

Binti yako

Goma, tarehe 2 Mei

Kaswera mama,

Sisi wazima. Punguza hasira, ulizirithi kwangu na ninazijua.

Kipande nilikizika. Hakuna aliyeniambia kuwa bado kina kazi. Nilifika nacho nyumbani, nikakiangalia: hiki ni kichwa cha mujukuu wangu, kilale kabatini kati ya sabuni na karatasi za kamyo? Kitu kilichotoka kwa mutu wetu sisi hatukiachi ovyo. Nilichimba nyuma ya jikoni. Unajua ardhi yetu, mawe ya volkano matupu. Mutarimbo ulinitoa malengelenge. Nikasali Baba Yetu, nikafukia.

Ulipouliza nilinyamaza kwa woga. Niliona kukifukua ni kama kumuchimbia mutoto kaburi. Halafu Jumapili Charline alipapasa kikombe mezani, chai ya moto ikamumwagikia mukono. Hakulia. Aliniomba musamaha, mimi. Nikatoka nikauchukua mutarimbo.

Kiboksi kiko kizima, hakuna kidudu kilichokigusa. Nimekipeleka mwenyewe mpaka Kigali, kwenye ajansi ya vifurushi. Sasa zamu yako.

Papa yako,
Donat

Liège, tarehe 30 Mei

Papa mupenzi,

Mukono wa mutoto umepona? Kipande kimefika, na kimesomeka. Wenzangu waliuliza habari ya ule muchanga mweusi kwenye plastiki. Nikawaambia ni nyumbani.

Mujumbe wa Charline ameunganishwa. Dawa uliyotaka nitume ingemuharibia macho, Papa. Mujumbe tutamuacha apige kelele, tumuzibe masikio anayepokea habari kutoka kwake. Munganga wa hospitali ya Kigali ameshapata majibu, na yeye ndiye atamupa Charline dawa hiyo. Nina imani.

Binti yako,
Kaswera

Goma, tarehe 7 Desemba

Kaswera mama,

Hatujambo, na safari hii nasema kweli. Ngozi inamuwasha Charline sababu ya dawa, ananung'unika kama bibi yake marehemu. Skana ya kichwa ya juzi inasema uvimbe umesinyaa. Haujaisha, munganga amelirudia hilo neno, nami nimelisikia. Lakini jana tulichambua maharage pamoja, akanyoosha mukono kwenye sinia langu akatoa jiwe nililolipita. Akaniuliza kama nahitaji miwani. Nilicheka mpaka nikalia.

Limebaki jambo moja. Mabaki ya kile kipande ndani ya nta, labo ikimaliza, yarudishe. Shimo sijalifukia. Charline aliniuliza ni la nini, nikamuambia ukweli wote. Amesema nisiguse kitu: atafukia yeye mwenyewe, maana kichwa ni chake.

Papa yako,
Donat