Ukiona, Inua Mkono

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Shinyanga

Pamba tena. Tangu asubuhi nimepiga magoti mbele ya turubai, natenga safi huku, fifi, ile ya bei ya chini, kule. Vumbi limejaa puani. Nikikohoa kinatoka kitu cheupe. Leo mzee mmoja kaleta pamba nzuri mno, haina hata jani. Nyapara akanikonyeza: fifi. Nikaitupa kwenye fifi. Mzee akakunja gunia lake tupu, akaondoka. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Kazi ya tatu hii. Naichukia kuliko zile mbili, na zile nilizichukia kweli kweli.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimefukuzwa. Nyapara kanikonyeza tena, nikajifanya kipofu. Mzigo wa mama mmoja, safi tupu, nikautia kwenye safi. Saa nne nilikuwa nje ya geti, shati begani. Nilijiona shujaa mpaka nilipofika nyumbani kwa Kaka Petro.

Hakunipigia kelele. Aliuliza tu kama nadhani yeye anapenda kubeba mizigo stesheni. Kisha akasema anamjua mtu Songwa, kwenye almasi, nilikofanya kazi ya kwanza. Watanichukua tena. Lori la wafanyakazi linapita hapa Jumamosi, tarehe 28. Nisipolipanda, nisirudi kwake. Mkewe, Mama Anjela, alikuwa ananyonyesha. Hakuinua uso.

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliwaza Songwa. Miaka miwili kwenye meza ya kokoto, natafuta almasi mstari kwa mstari, macho yanauma. Sheria zilikuwa mbili. Ukiona jiwe, usiliguse wala usiseme: inua mkono, tulia, mlinzi atakuja. Na kilichoanguka chini si chako tena. Usiiname. Rozari ya marehemu mama ilikatika, shanga zikamwagika sakafuni. Nilisimama wima, nikaziangalia zikifagiliwa na uchafu.

Mlinzi alisimama nyuma ya shingo yangu siku zote. Mpaka leo mtu akisimama nyuma yangu nageuka.

Halafu Geita, kwenye dhahabu. Kazi ya kuita majina, walisema. Majina yapi! Namba. Alfajiri naita namba, mtu anaitika, anashuka shimoni. Siku moja namba haikuitika. Nikaambiwa niendelee na inayofuata. Nikaendelea. Wiki ile ile nikaacha kazi.

Kaka ananiita kigeugeu. Huenda ni kweli. Nina miaka ishirini na sita na ninachokijua vizuri ni nisichokitaka.

Jumatano, 11 Agosti

Barua kutoka mbele ya Geita. Mama yake Mama Anjela anaumwa. Homa, kichwa, na usingizi mchana kutwa. Anasinzia chakula kikiwa mkononi. Kule pori lina mbung'o. Wote tulijua tunaogopa nini, hakuna aliyelitaja.

Mama Anjela ana mtoto mchanga. Kaka ana kazi. Asiye na kazi ni mimi. Nimetumwa kama kifurushi. Kaka kanikumbusha: ishirini na nane.

Jumamosi, 14 Agosti. Zahanati

Siku mbili za malori na vumbi. Leo nimemleta mama yake Mama Anjela, Mayu Milembe kama wanavyomwita kwa Kisukuma, hapa kwa baiskeli, yeye kakaa nyuma, mimi nasukuma. Amekonda. Mara mbili alisinzia nusura aanguke.

Anayepima damu ni Bwana Zakayo, dresa, mfunga vidonda, mtu mfupi, macho mekundu, hasira karibu. Msaidizi wake amehama. Foleni inafika barabarani. Akamtoboa Mayu kidole, akachungulia kwenye darubini, akasema hamna kitu, nimrudishe nyumbani. Alitazama kwa muda wa kukohoa mara mbili. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikaongeza kwamba kwenye almasi angefukuzwa siku ya kwanza. Sijui ulimi ulitoka wapi.

Wagonjwa wakacheka. Yeye hakucheka. Akanivuta shati mpaka kwenye kiti: haya, mtu wa almasi, tazama mwenyewe. Akanionyesha namna ya kusogeza kioo chenye tone la damu, akaenda nje kufunga vidonda.

Viduara tu, vimejaa kama kokoto. Nikaanza pembeni, kama mezani kule. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shingo ikauma. Nilikuwa na hasira na dresa, na Kaka, na mimi mwenyewe niliyerudi kuchambua kokoto bila hata kulazimishwa. Kisha viduara vikasukumana. Katikati yao kitu chembamba, kinafurukuta. Kikatulia. Kikafurukuta tena.

Nikainua mkono.

Nilikaa hivyo, mkono juu, mdomo nimefunga, jicho kwenye darubini nisikipoteze. Bega likafa ganzi. Mayu, kwenye benchi nyuma yangu, akauliza kwa Kisukuma kama naomba ruhusa ya kwenda chooni. Mkono ukabaki juu.

Bwana Zakayo aliporudi alifoka, mkono wa nini. Nikanong'ona kwamba nimeona. Akanisukuma kando, akainama. Akafuta macho, akatazama tena.

"Hapa hakuna mlinzi," akasema. "Ukiona, sema."

Malale, ule ugonjwa wa usingizi tuliouogopa. Mayu kachomwa sindano ya kwanza leo leo. Mjinga mimi, na mkono wangu. Mgonjwa alikuwa anasinzia nyuma yangu nami nasubiri mlinzi.

Jumatano, 18 Agosti

Bwana Zakayo anataka nibaki. Daktari wa wilaya ndiye mwenye kuamua, na hajulikani atakuja lini. Mpaka hapo nifagie, nichemshe sindano, nipime damu, nile kwake. Hakuna ahadi yoyote. Leo nimevunja vioo viwili, akaniita kichwa maji mbele ya foleni nzima. Mtu mgumu huyu. Nilitaka kumtupia ufagio.

Anataka tuandike namba kwenye vioo, ni rahisi zaidi. Nimekataa. Naandika majina. Tumegombana mpaka chakula cha mchana, mwisho kasema niandike ninavyotaka, ilmradi nimalize foleni.

Jambo moja. Mchana alisimama nyuma yangu muda mrefu akiangalia ninavyosogeza kioo. Sikugeuka. Nimelikumbuka sasa hivi tu.

Jumatatu, 23 Agosti

Barua ya Kaka. Mstari mmoja: jina langu limeshaandikwa Songwa, nisimwaibishe.

Songwa kuna kitanda, kuna posho, kuna uhakika. Hapa kuna mkeka na Bwana Zakayo. Daktari akisema hapana, nitakuwa sina kazi wala kaka. Naogopa. Nimeandika jibu mara mbili, nikachana. La tatu nimempa dereva wa lori kabla sijabadili mawazo. Nimesema sitapanda. Nimesema samahani. Nimesema pia kwamba mama mkwe wake jana aliamka mwenyewe, akafua khanga yake.

Sikumweleza kwamba ile meza ya kokoto sikuichukia kwa sababu ya kutazama. Kutazama nilikuwa nakupenda. Nilichochukia ni kunyamaza. Angecheka.

Jumamosi, 28 Agosti

Lori limeshapita Shinyanga saa hizi. Kaka hajajibu.

Vioo kumi na kimoja leo, vyote havina kitu. Kila kimoja nimekitaja kwa sauti, jina kwanza, kisha jibu. Mama wa mwisho akasema wabeja, asante, akaondoka na mtoto wake mgongoni.

Mayu yupo kwenye benchi, anangoja sindano yake. Penseli iliniponyoka ikaanguka chini. Nikaiacha pale pale, macho mbele, kama Songwa.

"Iko hapo mguuni pako," Mayu akasema. "Si uiokote?"

Nikainama, nikaiokota, nikaandika jina lililofuata.