Ngazi ya Kaka

Nimelipiza, na sijuti hata chembe! Kaka atanikoma.

Ulikuwepo Jumapili aliponiumbua mezani. Eti tangu aanze kusomea saikolojia chuoni amenigundua: "Mdogo wangu, wewe huna Mungu. Una baba aliyekuacha ukiwa darasa la tatu, ukaamua kumpandisha mbinguni ili asikuache tena."

Mbele ya wageni! Wakacheka, nami nikaanza kukusanya vyombo. Mimi, wa kukimbilia vyombo!

Basi leo kapanda juu ya bati kuziba panapovuja. Nikaondoa ngazi polepole, nikajibanza nayo nyuma ya ukuta, simu inarekodi. Nilitaka "Mungu wangu" moja tu kutoka kinywani mwake, niwasikilizishe wageni wale wale.

Wingu likatanda, upepo ukaanza kutikisa bati, mvua ikaanza kudondoka. Msomi akaniita mimi. Kimya. Akamwita mama. Kimya. Halafu akapiga ukelele: "Baba! Baba, nishushe!"

Baba! Aliyeondoka miaka kumi na moja iliyopita! Na kaka ndiye asiyetaka hata jina la baba litajwe!

Nilishafungua mdomo nicheke, wallahi. Badala yake najisikia nanong'ona, "Ee Mungu, asianguke," ngazi nimeikumbatia kwa mikono miwili.

Nageuka, mama huyu hapa na beseni la nguo alizoanua. Sijui kasimama hapo tangu saa ngapi.

"Unalia nini?"

"Vumbi, mama."

"Vumbi gani na mvua hii? Mrudishie mwenzio ngazi."