Alama ya Kumi na Mbili Ukutani

Durban, Jumapili jioni

Kaka Salum,

Asalaam aleykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti ya mama yamepata nafuu. Nani anamkanda siku hizi? Mimi nipo, ila nimechoka, kaka. Si uchovu wa kulala ukaamka umeisha.

Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi. Kwamba shule yetu inazindua uwanja wa besiboli, kwamba mwalimu mkuu anataka jina la mmoja wetu liandikwe pale, na wewe, mwalimu wa timu, umeshapendekeza langu. Unataka nikuandikie historia yangu ya mchezo wa huku Durban, ili uwasomee watoto. Haya, tuwalinganishe wapigaji wawili wakubwa wa Muheza, kama watu walivyokuwa wakitubishania kwa muuza kahawa.

Nianze na mimi. Nilipofika Durban niliwaambia nimepata timu. Sikuipata kamwe. Niliona aibu, nikauacha uongo ukue. Timu yangu ni Papa Jeannot, Mkongo ninayesukuma naye mikokoteni ya mizigo sokoni Warwick, kuwapelekea akina mama viazi na kabichi. Bega la kulia, lile mlilolisifu, limeharibika. Juzi nilishindwa kuinua gunia, akaninyang'anya.

"Eish, Bakari, hii bega iko malade, iko mgonjwa! Wacha, mi nitabeba. Weye iko na kichwa nguvu sana."

Leo asubuhi nilipita mtaa wa Glenwood nikakuta wanafunzi wa Kikenya wanacheza besiboli kwenye nyasi. Nilisimama mpaka mmoja akaniona.

"Mzee, ushawahi cheza hii kitu?"

"Zamani kidogo."

"Si ujaribu basi!"

Mzee! Na miaka yangu thelathini na sita. Nilishika fimbo, mikono ikakumbuka, bega likakataa. Mpira wa kwanza ulinipita, wa pili ukanipita, wa tatu nikaugusa ukaangukia miguuni. Wakanipigia makofi ya huruma. Nilirudi chumbani kwangu Overport kwa miguu, nikalia, sikufichi.

Sasa wewe. Ulibaki, ukasomea ualimu, ukaombaomba mipira kwa watu, ukachonga fimbo za mpera. Mama ananiambia kwamba kila alasiri bado unawapigia watoto mipira ya kudaka mpaka viganja vinachubuka. Mimi nilicheza miaka mitatu tu, wewe hujaacha hata leo.

Najua utanitajia ukuta wa Bi Mwanaidi, jirani wa shule. Kila mpira ulioruka ukaangukia uani kwake, alichora alama ya mkaa kabla ya kuturudishia, zako upande wa mlango, zangu upande wa jiko. Mama anasema hata akipaka chokaa mpya huzichora upya. Wewe kumi na moja, mimi kumi na mbili. Hiyo moja ndiyo iliyonipa ukubwa wote huu.

Kaka, mimi na wewe tunaijua ile ya kumi na mbili. Mrushaji wa timu ya wageni alikuwa amempiga mwenzetu mpira wa mbavu, zamu yangu ikafika, nikajificha nyuma ya choo kwa woga. Timu nzima ilikuwa na kofia ngumu moja. Uliivaa, ukaishusha usoni, ukaenda kusimama kwa jina langu. Mpira ukavuka ukuta na mwalimu akaandika Bakari. Kwa pigo lile nilichaguliwa mimi kwenda mashindano ya taifa, na huko ndiko nilikokutana na mtu aliyenileta Durban. Nafasi ile ilikuwa yako. Hukunidai, hukusema hata kwa mama. Hilo ndilo lililonichosha kuliko magunia.

Kwa hiyo kwenye uwanja andika Salum. Wasomee watoto barua hii yote, na pale kwenye choo usiparuke. Waache wacheke.

Nisalimie mama, nitampigia kesho nimweleze mwenyewe habari ya timu, asije akaisikia kwa watu. Nisalimie shemeji Zuhura, anayekufulia matope ya uwanjani bila kununa, na shangazi Mwajuma asiyechoka kuniombea dua.

Na Bi Mwanaidi, mwenye ukuta, mpelekee salamu zangu kwa mkono wako. Mwombe achukue mkaa, afute alama moja upande wa jiko, aichore upande wa mlango.

Mdogo wako aliyejificha,
Bakari