Mifereji ya Moto

Jumatatu, 1 Februari 1988
Nimemwagilia nyanya. Nimesafisha plagi ya pampu, mara ya tatu tangu Ijumaa. Pampu inakunywa petroli kama mgeni wa matanga na inakohoa kama mimi.

Mama Atieno ameondoka kwenda Pap Onditi. Binti yetu amejifungua. Atarudi Jumamosi. Amesimama mlangoni na mzigo kichwani: "Baba Atieno, pampu ni yangu. Washa, mwagilia, zima, funika. Spana sitaki kuziona." Nikasema ndiyo, mama. Spana ilikuwa mfukoni.

Kweli ni yake. Aliuza ng'ombe wake mwenyewe akainunua. Nyanya zimeanza kuiva. Zikifa, ni mwaka mzima wa mgongo wake umekufa.

Jioni
Nimefungua kichwa cha injini. Boliti nane. Nilitaka kuangalia tu.

Miaka thelathini natengeneza injini za watu hapa Kisian, na huo moto wa ndani sijawahi kuuona. Hakuna aliyeuona. Unawaka gizani, katikati ya chuma, haraka kuliko moyo wa mtu anayekimbizwa na askari. Unaacha nyayo tu. Masizi. Leo nimezisoma. Karibu na plagi chuma ni kahawia, safi. Pembe ya mbali, juu ya pistoni, ni nyeusi, imelowa. Moto haufiki kule. Petroli inaingia, inakaa, inatoka vilevile ilivyoingia. Kama mimi kanisani.

Nimekaa nikaitazama ile pembe mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 2 Februari
Nimewaza nikiwa shambani, kwenye mifereji ya Mama Atieno. Maji hayafiki tuta la mwisho mpaka ayachimbie njia. Yeye alisoma hadi darasa la pili, mimi la nne, na mhandisi ni yeye. Basi na moto nitauchimbia njia. Mifereji mitatu ndani ya kichwa, kwenye ile sehemu bapa inayokaa juu ya pistoni. Yote ielekee plagi.

Kwanza kupima nafasi iliyopo. Nimebandika ugali wa jana juu ya pistoni, nikafunga kichwa, nikazungusha kwa mkono, nikafungua. Ugali umebaki mwembamba kama kadi ya kura. Hiyo ndiyo nafasi yenyewe.

Ogola jirani yangu, fundi wa baiskeli, akanikuta. "Omera, ndugu yangu, siku hizi unailisha?" Nikamwambia inakula kwa adabu kumshinda.

Jumatano, 3 Februari
Nimekata. Msumeno wa chuma, halafu tupa ya pembe tatu. Alumini inakatika kama sabuni. Mfereji wa kwanza mzuri. Wa pili mzuri zaidi. Wa tatu nikaanza kujisifu. Tupa ikateleza, ikavuka ukingo, palepale gasketi, ile karatasi ya kuzibia, inapokalia. Alama ndogo kama ukucha wa mtoto.

Nikajiambia gasketi itaziba. Uongo. Nimefunga, nimevuta kamba, injini ikapiga mluzi kama birika, ikafa. Nimevuta mara ishirini. Mluzi tu.

Kichwa kingine hakuna. Fundi wa mjini Kisumu aliniambia mwaka jana, pampu za aina hii zimepitwa na wakati.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma.

Alhamisi, 4 Februari
Jua kali. Majani ya nyanya yamelala. Nimebeba maji kutoka ziwani, ndoo mkono huu, ndoo mkono ule, mpaka mgongo ukakataa. Mistari miwili sikuifikia.

Ogola amekuja na mdomo wake. "Mzee, Mama Atieno akirudi tukuzike wapi? Hapa au karibu na nyanya?" Nikamwambia anizike kwake, kuna kivuli. Akacheka. Lakini amebeba ndoo kumi, mshenzi huyo. Mungu ambariki.

Ijumaa, 5 Februari
Dawa ni moja. Kusaga uso mzima wa kichwa mpaka alama iishe. Unahitaji kitu bapa kabisa. Meza yangu imepinda. Sakafu tusiitaje. Nyumba nzima kitu bapa ni kioo cha picha ya mama mkwe. Nimemtoa marehemu kwenye fremu, nikamwomba radhi, nikamlaza kitandani aangalie mabati.

Kioo mezani, ile dawa ya chengachenga ya kusagia valvu, mafuta kidogo, kichwa juu. Duara, duara, duara. Tangu saa mbili asubuhi. Saa nane mkono haukuwa wangu tena. Saa tisa alama imekwisha. Uso unang'aa mpaka nimeona pua yangu.

Ugali tena. Sasa ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Lakini upo. Pistoni haigusi.

Nimefunga. Nimevuta kamba.

Yawa!

Mara moja. Imeshika kabla kamba haijaisha. Na ile sauti, sijui niiandike vipi. Haikohoi. Nimeweka kikombe cha chai juu ya tangi, chai haikumwagika. Nimepunguza mafuta. Nimepunguza tena, pale ambapo wiki jana ingekufa. Inaendelea kupumua, polepole, kama ng'ombe anayecheua. Na maji yanakuja!

Moto umeiona njia. Mimi, kwa tupa iliyochakaa, nimeuonyesha moto njia.

Baadaye nimegundua kofia iko mkononi. Sijui niliivua saa ngapi. Mimi ambaye hata chifu simvulii.

Jumamosi, 6 Februari
Amerudi saa nane mchana. Amesimama nje ya lango kwanza, akasikiliza pampu ikinguruma.

"Mzee." Akiniita Mzee, si Baba Atieno, kuna kesi. "Umeigusa."

"Nimeifungua kidogo tu."

Akaingia ndani kuweka mzigo, akatoka. "Na mama yangu anafanya nini kitandani kwangu?"

Nilimsahau. 

Akaenda shambani. Ile mistari miwili imekauka. Amepiga magoti, amegusa mche mmoja mmoja. Afadhali angenitukana. Nyanya zingine zimesimama, zimekunywa.

"Hii miwili utapanda wewe. Kwa magoti yako."

"Sawa."

Akaenda kuizima pampu. Akashusha mafuta, ikaendelea. Akashusha tena, ikaendelea. Mkono ukabaki palepale.

"Kwa nini haifi?"

Nikamwonyesha mifereji yake ya maji. Nikasema nimeiba kwake. Akanitazama kama anayemtazama mlevi. Akazima kwa swichi, akafunga spana zangu zote kwenye leso, akaondoka nazo.

Jumatano, 10 Februari
Mvua imenyesha alfajiri. Haikutarajiwa. Shamba limelowa lote.

Nilikuwa napanda miche kwenye matope nikasikia kamba ikivutwa. Mara moja tu. Nikainua kichwa. Mama Atieno ameuondoa mpira wa maji shambani, mdomo wake ameuelekeza ziwani. Maji yanatoka ziwani, yanarudi ziwani.

Amekaa juu ya debe, mikono mapajani. Anaisikiliza injini.

Nikarudi kwenye miche.