Kilomita Nane kwa Lita

Jumatatu, 2 Juni 2025

Tumetoka Milanzi jua halijachomoza. Baba kiti cha nyuma, blanketi mbili. Mimi kwenye usukani. Shahada ya fizikia, na kazi niliyoipata mpaka sasa ni udereva wa baba yangu. Sinung'uniki. Naandika ilivyo.

Damu yake inasafishwa Mbeya kila Jumanne. Daktari anataka mara mbili kwa wiki, Baba kakubali moja. Basi lilimshinda, alizimia humo mwezi wa tatu. Kuhamia Mbeya kwa baba mkubwa hataki kusikia. Kwa hiyo ni gari lake, na gari lake lina sharti. Alilitoa sebuleni, sote tumekaa: linakwenda kilomita nane kwa lita moja. Kwa nane, duka letu la spea litatubeba. "Likinywa zaidi ya hapo, litakuwa linakunywa duka," alisema, "na ada ya huyu mdogo wenu Precious humo humo. Siku hiyo nabaki kitandani kwangu, na asinibembeleze mtu."

Hiyo nane alitajiwa na mzungu wa mradi wa visima aliyemuuzia. Pikapu ya Kimarekani, pua kama kibanda. Injini ya petroli — petroli! Mji mzima, gari kubwa ni dizeli. La kwetu peke yake ni petroli.

Njiani aliomba maji. Anaruhusiwa kikombe asubuhi na kikombe jioni, basi. Nikampa funda moja. Alilizungusha mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza. Tulipojaza mafuta Tunduma alisikiliza pampu ikivuma, ikivuma, haikomi. Akasema, "Linakunywa kwa niaba yangu."

Tulicheka wote wawili. Kisha nikaenda choo cha pale kituoni, nikajifungia.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepima.

Nilijaza tangi hadi mdomoni, nikaenda Laela na kurudi, nikajaza tena hadi mdomoni. Nikagawanya. Nikagawanya tena, maana jibu sikulitaka. Nne na nusu. Ukiwa unakwenda na upepo unakuja usoni, hata hiyo nusu haipo.

Nilitafuta kosa langu. Halipo. Gari zito, bapa mbele kama ukuta, linausukuma upepo wote wa Ufipa kwa kifua. Nane ya yule mzungu labda ilipimwa mahali tambarare, siku tulivu, gari tupu. Si kwetu. Si na mgonjwa nyuma.

Herman yupo nyumbani, amekuja kutoka Kasesya anakotoa mizigo ya watu mpakani. Nilimwambia yeye kwanza. Kaka yangu hakuuliza nimepimaje. Aliuliza nani mwingine anajua.

Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Wewe na namba zako! Baba yako akiuliza, ni nane. Umenisikia?"

Nikasema siwezi kumdanganya.

"Basi nyamaza. Nitasema mimi."

Na kweli Baba aliita kutoka chumbani. Mtoto amerudi? Linakunywa ngapi? Mama akajibu kwa sauti ile anayoitumia kanisani: "Nane, baba Herman!"

Nikasikia kitanda chake kikilia. Kisha Baba akasema, "Haya."

Jumatatu, 9 Juni

Kituo cha mafuta, asubuhi. Sebastiani wa pampu akapaza sauti kabla sijazima injini: "Jamani, Mlevi kaja!" Ndiyo jina la gari letu pale, kumbe. Mwenzake akajibu kwamba huyu hata umpe pombe ya kimpumu mtungi mzima ataomba kingine. Wakacheka. Hawana ubaya, wanatuchangamkia kila wiki.

Sikugeuka nyuma. Kwenye kioo Baba alikuwa amefumba macho. Lakini mtu aliyelala hakazi taya vile.

Herman kasema kwa simu: kuanzia sasa tujaze jioni moja kabla, Baba akiwa ndani. Na madumu mawili ya petroli chini ya turubai, nimimine Tunduma akienda msalani. Nimekubali. Nimefikia kutia mafuta kwa wizi katika gari letu wenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Herman amerudi na fundi umeme. Waya wa mshale wa mafuta umechezewa. Sasa mshale umesimama juu, tangi limejaa, milele na milele. Taa ya kuonya nayo imekufa. Herman anajisifu. Mama katengeneza chai ya maziwa kwa ajili ya fundi kana kwamba ametibu mtu.

Walipoondoka niliingia garini peke yangu, nikautazama. Kipimo kisichopima. Sijui kwa nini hilo limeniliza kuliko miguu ya Baba inayovimba.

Jumapili, 15 Juni

Kwaya imekuja kumwimbia Baba nyumbani. Ameshindwa kuvaa viatu. Ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki, linakutazama.

Daktari alishatuambia — mimi na Mama tu — akikosa kusafishwa hata mara moja sasa, maji yatapanda kifuani. Akafunga faili. 

Wageni walipokwenda, Baba alinikalisha kando ya kitanda. Nilidhani ni wosia. Alitaka tujadili bati la duka! Tulipake rangi kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Nyekundu, au ile ya kijani? Nyekundu inapauka haraka, akasema, lakini inaonekana kutoka stendi.

Nikasema nyekundu. Akasema, "Ndaga, mama," kwa Kinyakyusa, kama anavyonishukuru siku zote, na kuniita mama, kama alivyoniita tangu nikiwa mdogo.

Mtu aliyekubali kufa hachagui rangi ya bati.

Jumanne, 17 Juni

Tumetoka Mbeya mchana, tumefika salama. Baba kachoka, lakini uvimbe wa uso umepungua.

Njiani, tukiipita Ndalambo, aliuliza kama anavyouliza nyumbani. "Mama, linakunywa ngapi?"

Mama yangu hakuwepo wa kunijibia.

"Nane," nikasema.

Neno halikukwama. Lilitoka laini kabisa. Nimekuwa nikijiona mtu wa ukweli, kumbe nilikuwa nabebewa uongo na mama yangu.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika garini. Tumesimama kando ya lami, tumeipita Laela, Tunduma bado mbali. Upepo unatikisa gari lote, zito hivi.

Limezimika. Halikukohoa sana — mara mbili, kisha kimya, nikaliachia lijisogeze hadi pembeni.

Nilijua papo hapo. Jana Mama alipakia magunia: mahindi, maharage, ulezi, ya kumpelekea baba mkubwa, maana mwenyeji wa mgonjwa haendewi mikono mitupu. Ili magunia yaenee, mtu alishusha madumu. Na tangini, kwa kubana pesa, nilitia ya kufika Tunduma tu, kwa hesabu niliyoifanya kabla ya magunia. Na upepo wa leo! Nikatazama dashibodi kwa mazoea tu. Mshale unasema tangi limejaa.

Baba nyuma amejifunika blanketi. Macho yamefumbwa.

Aliyetusimamia ni mzee mmoja Msukuma, Limbu, ng'ombe wake wanakula mabua ya mahindi ng'ambo ya barabara, yeye na pikipiki yake. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, binti. Limekufa?"

"Limeishiwa mafuta."

Akalizunguka lote, akapiga bodi kwa kofi kama anavyopiga ng'ombe. "Tajiri naye huishiwa?" Akachukua chombo tulichonacho, dumu tupu la maji, akaondoka. Hakutaka hata kuniuliza zaidi. Na mimi sikutamka zaidi. Nilisema mafuta.

Alirudi anacheka, dumu mgongoni limefungwa kwa mpira. Nilifungua kifuniko, nikaanza kuinua. Harufu ikanizuia. Nzito, ya trekta.

"Mzee, hii si dizeli?"

"Sasa dude kama hili linywe nini, binti? Soda?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ndipo kioo cha nyuma kikashuka.

"Mzee mwenzangu," Baba akasema, sauti yake nyembamba katika upepo, "hilo ni la petroli. Usione aibu, kila mtu hukosea. Tusaidie tena." Limbu akashika kichwa, akasema hajawahi kuona maajabu haya, kuna mwenye bodaboda kijijini anauza ya chupa, anakwenda sasa hivi. Akawasha, akaenda.

Tukabaki wawili. Nilikuwa bado nimelikumbatia dumu.

"Lingekuwa la dizeli," Baba akasema, "hiyo nane yenu ningeiamini."

Nililiweka dumu chini, polepole, nisimwage.

Aliongea bila hasira. Kwamba ameuza spea Sumbawanga tangu mimi sijazaliwa. Kwamba injini ile, kwa petroli, kwa uzito ule, ni nne. Siku tulivu nne na kitu. Alijua siku anamlipa yule mzungu. Alilipenda, akanunua hivyo hivyo. Na mshale — "Mmenifungia mshale uliokufa, mimi Isakwisa! Ningemfukuza fundi kama huyo dukani kwangu." Hapo alitabasamu kidogo.

Nikamuuliza kwa nini basi alitoa lile sharti.

 Alikuwa akitazama ng'ombe.

"Nilijua utapima. Wewe lazima upime. Nikasema atapima, ataniambia nne, nitabaki nyumbani, na hakuna atakayejilaumu. Mkaja na nane." Akameza mate, makavu, nikasikia. "Na mimi nikaona kumbe naitaka hiyo nane."

 Nilimshika mguu juu ya blanketi, pale panapovimba.

"Sasa nimelisema," akasema. "Na neno langu nililitoa mbele yenu wote."

Nikaingia mbele, nikafunga mlango. Nikammiminia kutoka chupa yake ya maji kikombe cha asubuhi chote, si funda. Amekishika mikono miwili. Hakunywa. Maji yanatikisika kwa upepo, duara ndani ya duara.

Halafu, sasa hivi, ameuliza. Kwa sauti ile ile ya siku zote, kana kwamba Limbu hajaja na dizeli haijanuka na hakuna kilichosemwa:

"Mama, linakunywa ngapi?"

Namwona kwenye kioo. Anajua jibu kuliko mimi. Nikisema nne, petroli ikifika nitaligeuza gari kuelekea Milanzi, na yeye atatimiza neno lake. Kesho ni Jumanne. Nikisema nane, atavuta blanketi, atafumba macho, tutakwenda Mbeya. Na wiki ijayo ataniuliza tena. Na duka litakuwa limenywewa kidogo tena, na Precious ataambiwa asubiri muhula ujao. Wote wawili tutajua, kila kilomita.

Nimeinamia kalamu ili nisimjibu. Anadhani natafuta kitu. Au anajua pia hilo.

Pikipiki inasikika. Limbu ameinua chupa juu kwa mkono mmoja anionyeshe, nyingine zimejaa gunia nyuma yake, safari hii ndiyo yenyewe, anapiga honi kama wa harusi.

Baba bado hajanywa. Kikombe kiko mkononi, macho yake yapo kwenye kioo, yanangoja namba —